Dibaji ya "Sahani ya Pili"

Mambo haya yalitokea mwaka 1956, majira ya mapukutiko, katika mtaa wa Hill jijini Pittsburgh, wakati ambapo sehemu ya chini ya mtaa wetu ilikuwa imekwisha kuanza kubomolewa kwa amri ya jiji, na vumbi la matofali lilitufuata mpaka ndani ya kanisa. Nayaeleza jinsi nilivyoyaona, kwa kuwa kila Jumapili alasiri nilikaa meza ya pembeni mwa jukwaa la klabu ya Bascomb, kofia yangu ya ibadani ikiwa ingali kichwani, nikimngojea mume wangu Hosea amalize kupiga ngoma zake ili turudi nyumbani pamoja.

Hatukuwa wachache tuliotoka kanisani na kwenda moja kwa moja kwa Bascomb. Mchungaji alilijua jambo hilo na kwa busara yake hakulitaja. Watu walikula samaki wa kukaanga na saladi ya viazi, wakateremsha kwa kahawa au kwa kitu kingine kilichotiwa ndani ya kikombe cha kahawa, kisha wakageuza viti vyao kuelekea jukwaani, kwa sababu Ozella Trimble alikuwa karibu kuimba.

Ozella alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mrefu, mwenye shingo iliyonyooka, binti wa mwalimu mkuu wa shule ya watoto weusi huko Virginia. Baba yake alikuwa akigonga dawati kwa rula kila mtoto alipomeza mwisho wa neno, na Ozella hakupata kumeza neno tena maishani mwake. Aliimba nyimbo za zamani, zile zilizotungwa New York katika miaka ya ishirini na ya thelathini kwa ajili ya michezo ya jukwaani. Michezo yenyewe ilikuwa imekufa na kusahauliwa, nyimbo zikabaki. Alipokuwa akiimba hakurukaruka wala hakuchezesha mabega. Alisimama wima, mkono mmoja juu ya piano, akayatamka maneno kama mtu anayekupa habari muhimu ambayo hatairudia.

Tena aliziimba nzima. Nyimbo zile zina dibaji, yaani kipande cha mwanzo kisichofuata mapigo ya ngoma, ambamo mwimbaji hueleza kwa utulivu yaliyomfika kabla hajaingia katika mwili wa wimbo wenyewe. Waimbaji wengi walikuwa wamekwisha kuzitupa dibaji hizo, na wapiga ala wengi hawakujua hata kama zilikuwapo. Ozella alizijua zote. "Dibaji ndiyo hodi," alikuwa akisema. "Mtu hawezi kuibukia sebuleni mwa watu akaanza kulia."

Mwaka 1947 bwana mmoja wa kampuni ya santuri alikuja kumsikiliza. Alimsifu, akamnunulia kahawa, kisha akamweleza kwa upole kwamba nyimbo za namna ile ni za waimbaji wa Kizungu. Yeye angefaa zaidi kuimba bluzi, zile nyimbo za huzuni za watu weusi, na kama angeng'ang'ania hizo za zamani, basi angalau dibaji ziondolewe, kwa kuwa zinakula nafasi katika sahani ya santuri. Ozella alimshukuru kwa kahawa akamfungulia mlango. Tangu siku hiyo sauti yake haikupata kuvuka kuta za Bascomb, na ingawa hakulalamika, mimi niliyemjua nilijua kwamba neno lile la yule bwana lilikuwa limemkaa kooni.

Kwa hiyo Bascomb alipotutangazia kwamba kituo cha redio kingekuja kurusha nusu saa moja kwa moja kutoka klabuni mwake, na kwamba watu wangetusikia mpaka Ohio na Virginia Magharibi, Ozella alinijia mezani akavuta kiti.

"Vashti," akasema, "nitaiimba 'Sahani ya Pili.' Yote. Na dibaji yake."

"Bascomb kakubali?"

"Atakubali."

"Ulishamwuliza?"

"Nitamwuliza akishakubali."

Ndivyo alivyokuwa. "Sahani ya Pili" ulikuwa wimbo wa mwaka 1931, wa mwanamke anayeandaa meza ya watu wawili kwa mazoea, ilhali mwenzake amekwisha kuondoka. Wapiga ala walipenda kuupiga bila maneno, harakaharaka. Ozella peke yake ndiye aliyekuwa na dibaji yake kichwani.

Kikwazo kilikuwa piano. Mzee Gaines, aliyempigia kwa miaka mingi, alikuwa amehamia Detroit kwa binti yake, na mahali pake alikuja Emmett Lacour kutoka Youngstown, kijana wa miaka ishirini na sita, aliyekuwa amezunguka miji mingi na bendi kubwa. Nisimnyime haki yake: alipiga vizuri ajabu. Mikono yake ilikuwa mikubwa na myepesi, na alikuwa na mambo mapya kichwani mwake yaliyomfanya hata Hosea, asiyesifu mtu, anyamaze na kusikiliza. Lakini waimbaji aliwaona kuwa mapambo tu. Aliwaita kasuku. Nyimbo za Ozella aliziita nyimbo za bibi, naye alisema hayo kwa sauti ya kusikika.

Wapiga jazi hawana nafasi ya kuelezana mambo mbele ya watu. Mwimbaji huweka mkono nyuma ya mgongo akaonyesha vidole, na kwa hesabu ya vidole hivyo, na kwa kuelekea kwake juu au chini, mpiga piano hujua wimbo uanzie kimo gani cha sauti. Jumapili ya mwisho ya mwezi Septemba, mbele ya ukumbi uliojaa, Ozella alionyesha viwili chini. Emmett aliviona, nami nilimwona akiviona. Akatabasamu, akauanzisha wimbo, ambao siku hiyo haukuwa "Sahani ya Pili," juu kabisa, mahali panapowafaa wapiga tarumbeta, tena kwa mwendo wa mtu anayekimbia mvua.

Huo ni mtihani ambao wapiga ala huwapa waimbaji wachanga. Anayebabaika huingia, akakwama katikati na kuaibika. Anayekasirika husimamisha bendi, na hiyo ni aibu kubwa zaidi. Kumpa mtihani huo mwanamke wa umri wa Ozella kulikuwa ni utovu wa adabu usio na kisingizio.

Ozella hakuingia, wala hakusimamisha kitu. Alikunja mikono akasikiliza, akitikisa kichwa polepole kama mwalimu anayesikiliza mtoto akisoma kwa sauti. Mahali pa kuingia pakafika, pakapita. Sasa, desturi ya kazi ile ni kwamba bendi haikati muziki mpaka mwimbaji aingie: wanazunguka, yaani wanarudia utangulizi, na kungoja. Emmett akazunguka. Mahali pa kuingia pakafika tena, na Ozella akashuka jukwaani kwa hatua zake za taratibu, akaja kuketi mezani pangu, akaagiza kahawa.

"Inaendeleaje?" nikamnong'oneza.

"Anajitahidi," akasema. "Nipitishie sukari."

Juu ya jukwaa Hosea aliendelea kupiga ngoma kwa unyoofu wote, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Emmett alizunguka tena na tena. Mambo yake mapya yakaanza kumwishia, akayarudia yale ya mwanzo. Bi Cordie, mke wa kinyozi, aliyekuwa meza ya jirani, akaliona jambo lilivyo.

"Kijana," akaita, "umepotelea wapi huko? Tukutumie mtu?"

"Mpigieni simu mama yake Youngstown," mwanamume mmoja akadakia kutoka nyuma. "Aje amchukue."

Ukumbi ukaangua kicheko. Emmett, jasho likimtiririka, akagonga piano kwa viganja vyote viwili na kunyamaza. Alikuwa amekata muziki kabla ya mwimbaji kuingia, naye alijua, na kila mtu aliyekuwa pale alijua.

Bascomb alituita jikoni. Nikisema alituita, nina maana Ozella na Emmett. Mimi nilijipeleka mwenyewe, na hakuna aliyenifukuza. Bascomb alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na alipokasirika sauti ile ilizidi kupanda.

"Baada ya wiki mbili redio inakuja," akasema, "na nyie mnanifanyia sarakasi. Bi Ozella, nakuheshimu, lakini kunywa kahawa katikati ya wimbo?"

"Ilikuwa moto," Ozella akajibu. "Ningengoja, ingepoa."

"Na wewe, bwana mdogo, usicheke. Sikilizeni. Bila mwimbaji, watatu hawa wanaweza kupiga: piano, besi na ngoma. Bila piano, mwimbaji ataimba na nini? Na masufuria yangu? Kwa hiyo mkutane Jumatano mchana, mpatane. Emmett akiniambia hamkupatana, redioni watapiga watatu peke yao. Bi Ozella, utanisamehe."

Basi nafasi ya Ozella ikawa mikononi mwa kijana yule. Njiani nilimshauri Ozella amwombe radhi, yaishe.

"Radhi ya nini?" akauliza.

"Ya kumwacha akizunguka kama punda wa kinu."

"Mwenzangu, mimi nilikaa tu. Viatu vilikuwa vipya." Akatembea kidogo, kisha akasema kwa sauti nyingine, "Nitaimba redioni, Vashti. Usihangaike."

Jumatano nilimpelekea Hosea chakula chake cha mchana, nikakuta viti vimepinduliwa juu ya meza na harufu ya sabuni ya sakafu imejaa ukumbini. Emmett alikuwa kwenye piano. Stokes, mpiga besi, mtu mzima asiyependa maneno, alikuwa akikaza nyuzi zake. Ozella aliingia saa sita kamili, akavua glavu zake kidole kimoja kimoja, akaziweka juu ya piano.

"Bwana Lacour," akasema, "Jumapili uliniuliza swali, ila uliuliza vibaya. Uliza tena."

"Sikuuliza kitu, Bi Ozella. Nilipiga piano tu."

"Ulitaka kujua kama naweza kuimba kule juu, kwa mwendo ule. Haya, piga wimbo uleule."

Emmett akawatazama wenzake, akacheka kidogo. "Kulekule?"

"Kulekule. Na ukitaka kuongeza mwendo, ongeza. Lakini kwanza tupatane. Nikifika mwisho wa wimbo nikiwa mzima, nitakuwa nakudai."

"Unanidai nini?"

"'Sahani ya Pili,' siku ya redio. Kimo changu, mwendo wangu, dibaji nzima. Na uijue dibaji hiyo kwa maneno yake, siyo kwa vidole tu."

"Na usipofika?"

"Nisipofika nitakaa na Vashti siku hiyo, ninywe kahawa yangu, nikupigie makofi. Na Bascomb umwambie chochote unachotaka."

"Nyie mmesikia," Emmett akawaambia wenzake. "Msije mkasema nilimwonea mama wa watu."

"Piga, bwana," Hosea akasema. "Chakula changu kinapoa."

Emmett akaanza. Mwendo ule haukuwa wa kukimbia mvua tena. Ulikuwa wa kukimbizwa na mbwa. Ozella aliingia mahali hasa pa kuingia. Nimemsikia mara nyingi kabla na baada ya siku hiyo, nami nasema sikupata kumsikia akifanya kitu kama kile. Hakupiga kelele ili kufika juu. Alipanda kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake, gizani, akijua kila daraja lilipo. Na kila neno, kwa mwendo ule wa kichaa, lilisikika lote, mwanzo wake na mwisho wake. Baba yake angeweza kuiacha rula mfukoni. Alipomaliza mzunguko wa kwanza Emmett akazunguka tena bila kuonywa, akiwa amepandisha kimo zaidi, na Ozella akamfuata bila kugeuza hata jicho, akafika mwisho na kuukata wimbo pamoja naye kama mkasi.

Stokes ndiye aliyesema wa kwanza. "Wimbo huu nimeupiga miaka kumi na tano," akasema. "Kumbe wanazungumzia farasi?"

"Farasi wa mashindano," Ozella akajibu. "Anashindwa kwenye ubeti wa pili."

"Sikujua kabisa. Mimi nilidhani ni harusi."

Hosea alicheka mpaka akalazimika kuweka vijiti chini. Emmett hakucheka. Alikuwa ameweka mikono mapajani, akimtazama Ozella kama mtu aliyefungua mlango wa stoo na kukuta chumba kingine.

"Kwa nini Jumapili hukuimba hivyo?" akauliza.

"Jumapili hukuniomba. Ulinisukuma. Mimi sisukumwi."

Kijana akarudisha mikono juu ya piano. "Basi nadaiwa," akasema.

"Unadaiwa. Sogea, nikae."

Akamfundisha papo hapo. Emmett alizishika sauti za dibaji kwa kuzisikia mara moja tu, na kwa kuzisikia huko akadhani kazi imekwisha. Ozella akamwamuru aseme maneno.

"Mimi siimbi, Bi Ozella."

"Sikukwambia uimbe. Sema. Una mdomo, nimeusikia Jumapili nyingi."

Basi Emmett, mtu mzima mwenye mabega ya mfua chuma, akaanza kusema maneno ya dibaji kwa aibu, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Maneno yalikuwa haya, kwa kadiri ninavyoweza kuyaleta: kengele ya jioni ililia, nikainuka kama kawaida, nikatandika kitambaa, nikaweka sahani mbili, hakuna aliyeiambia mikono yangu, haijapata habari.

"Baada ya 'habari' unafanya nini?" Ozella akauliza.

"Nagonga mara tatu, nakuingiza kwenye wimbo."

"Hapana. Hapo unaondoa mikono."

"Kabisa?"

"Kabisa. Ameiona sahani. Mwache aitazame."

"Itakuwa kimya, Bi Ozella. Redioni kimya ni hatari. Mtu atadhani redio yake imeharibika."

"Atasogea karibu nayo. Sema tena, tangu kwenye kengele. Na usimeze mwisho wa 'kitambaa.'"

Walikaa hivyo mchana kutwa. Kabla hatujaondoka, nilimsikia Emmett akimweleza Hosea jambo lake mwenyewe, na ni lazima nilitaje hapa. Alikuwa ametunga kipande chake, nacho Bascomb alikuwa amemruhusu kukipiga mwishoni, kama cha kufungia kipindi. Kiongozi wa bendi moja kubwa, aliyekuwa Cleveland mwezi ule, alikuwa ameahidi kufungua redio siku hiyo ili amsikie. Kama angependezwa, Emmett angepata kazi ya New York. "Dakika tatu tu, kaka," alimwambia Hosea. "Nikipata dakika zangu tatu, nimetoka."

Siku ya redio ikafika, Jumapili ya pili ya Oktoba. Mtangazaji, Bwana Whitlow, alikuwa Mzungu mwembamba mwenye adabu, saa ya kupimia muda ikiwa mkononi mwake tangu alipoingia mpaka alipotoka. Aliweka taa ndogo nyekundu juu ya piano. Ikiwaka, alituambia, watu wa majimbo matatu wanatusikia, kwa hiyo tafadhali tusibamize vikombe. Bi Cordie akamwuliza kama kutafuna kunaruhusiwa. Bwana Whitlow akasema taratibu.

Mpango ulikuwa wazi. Watatu wangeanza, Ozella angefuata na ule wimbo wa farasi, kisha watatu tena, kisha "Sahani ya Pili," na mwisho kipande cha Emmett. Kila kitu kilikuwa kimepimwa. Ambacho hakikupimwa ni Bascomb. Alikuwa ameomba maneno mawili ya shukrani katikati ya kipindi, na Bwana Whitlow, kwa adabu yake, akampa maikrofoni. Bascomb alimshukuru mtangazaji, akawashukuru wateja, akawashukuru wauza samaki, akamkumbuka marehemu mjomba wake aliyemwachia jengo, akaeleza jinsi mjomba alivyolipata jengo hilo. Mtangazaji alikuwa akionyesha saa yake. Bascomb alidhani anaisifia, akaitikia kwa kichwa na kuendelea.

Alipoipata tena maikrofoni yake, Bwana Whitlow alikuwa amekuwa mwekundu. Akasoma tangazo la duka la samani upesi upesi, watatu wakapiga kile kipande chao cha kati, kisha akageukia jukwaani na kuinua vidole vinne. Dakika nne ndizo zilizobaki.

Kila mmoja wetu aliyekuwa karibu na jukwaa aliifanya hesabu hiyo kwa wakati mmoja. "Sahani ya Pili" na dibaji yake ilihitaji karibu dakika zote nne. Bila dibaji, na kwa mwendo wa haraka, ilihitaji mbili, na mbili zilizobaki zingetosha kwa kipande cha Emmett, angalau ile sehemu yake nzuri. Bascomb, akiwa nyuma ya kaunta, jasho likimtoka kwa kosa lake mwenyewe, alikuwa akifanya ishara ya mkasi kwa vidole na kutamka bila sauti, kata dibaji, kata dibaji. Hosea alikuwa ameshika vijiti tayari, akimtazama Emmett. Stokes alikuwa akimtazama Emmett. Na Emmett alikuwa akiitazama saa ya mtangazaji.

Ozella peke yake hakumtazama mtu. Alikuwa amekwisha kusimama mahali pake, mkono juu ya piano, uso ukiwaelekea watu, mtulivu kama mtu aliyefika stesheni na tiketi yake mfukoni. Sikujua hapo, wala sijui leo, kama alikuwa ameiona ishara ya Bascomb. Najua kwamba hakugeuza kichwa kumwangalia kijana yule atafanya nini. Hakumsihi kwa jicho wala hakumwonya. Mtu akikudai namna hiyo, huna pa kujificha.

Emmett alishusha pumzi. Akamfanyia Hosea ishara ya kuweka vijiti chini. Hosea akaviweka.

Kisha akaipiga dibaji, polepole, kwa kimo cha Ozella, na midomo yake ilikuwa ikienda. Alikuwa akiyasema maneno bila sauti, neno kwa neno, nyuma tu ya sauti ya Ozella, kengele na kitambaa na sahani mbili. Ukumbini hata uma mmoja haukugonga sahani. Ozella alifika mahali pale, haijapata habari, na Emmett akaiondoa mikono yake juu ya piano na kuishika hewani.

Kimya kiliingia. Bwana Whitlow alishtuka, akakitazama chombo chake, akaitazama taa. Taa ilikuwa ikiwaka. Ozella aliangalia mbele yake, chini kidogo, na nawaapieni kwamba watu wa meza za mbele walitazama alipotazama, wakiitafuta hiyo sahani. Ukimya ule uliendelea kwa muda ambao mtu wa redio hawezi kuuvumilia na mwanamke aliyeachwa anauvumilia kila jioni. Emmett hakuugusa. Alimwachia wote, akila dakika zake mwenyewe, mpaka Ozella alipokuwa tayari akavuta pumzi na kuingia katika mwili wa wimbo, na ngoma na besi zikamjia chini yake kwa upole.

Aliimba mpaka mwisho bila haraka. Neno la mwisho lilipotoka, na mwisho wa neno hilo ukasikika, Bwana Whitlow aliwahi kusema jina la jiji letu na kututakia jioni njema, na taa nyekundu ikazimika. Ukumbi ukainuka. Bi Cordie alikuwa akipiga makofi juu ya kichwa chake, kofia yake ikiwa imeanguka ndani ya saladi.

Emmett alikuwa ameketi vilevile, mikono mapajani. Cleveland haikuwa imesikia hata sauti moja ya kipande chake.

"Bi Ozella," akasema, nami nilimsikia kwa sababu nilikuwa nimesogea kumpa Hosea koti lake. "Kuna kilichobaki?"

Ozella alifikiri kwa haki, kama anavyofikiri mtu anayesahihisha mtihani.

"Hapana, Emmett," akasema. "Umelipa chote."